Fundi na Bibi wa Masanduku

Katika miaka sita niliyomfahamu, Fundi aliendesha magari mengi ya wizi na hakuwahi kupita taa nyekundu hata moja. Nazungumzia magari ya kwenye gemu, tena ile gemu ambayo kazi yote ya mchezaji ni kuiba gari, kukimbizwa na polisi na kugonga kila kilichosimama mbele. Fundi aliiba gari kwa sababu gemu ilimlazimisha. Baada ya hapo alikuwa raia mwema: alishika upande wake wa barabara, akasimama kwenye pundamilia, akangoja kila mtu avuke, na polisi wakamkamata hapo hapo akiwa kwenye mwendo wa mtu anayekwenda msikitini.

"Polisi iko kazini, sha," aliniambia, kwa lile "sha" lake la kumwita mtu rafiki, nilipomhimiza akimbie. "Usigombane na mtu iko kazini."

Siku moja nilimtania kwamba mhusika wake amepanda pikipiki bila kofia, na Fundi akaiweka mezani padi ya kuchezea. Nilimweleza kwamba kwenye gemu ile kofia hazipo kabisa. Akauliza huo ni mji gani usio na serikali. Mhusika akashushwa kwenye pikipiki, na kuanzia siku hiyo jambazi yule alikwenda kuiba benki kwa miguu, akipita pembeni ya barabara, akikwepa majani.

Sitasema Fundi alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, kwa kuwa hakuniambia na mimi sikuuliza. Alikuwa fundi cherehani. Kila asubuhi alitoka Nyamirambo kwa pikipiki, na kofia, akaja kufungua chumba chake kilichoelekea barabara ya Kagarama. Chumba cha nyuma tulipanga sisi wawili, mimi na Umutoni. Tunatengeneza gemu. Mimi naandika programu, Umutoni anachora. Kufika kwetu ilibidi upite kwake, kati ya mishanana, yale mavazi ya harusi ya kufungwa begani, iliyotundikwa na rundo la sare za shule, kwa hiyo hakuna mgeni wetu aliyefika bila kuulizwa ametoka wapi na nani alimshonea suruali ile.

Namsimulia kwa sababu ndiye aliyetuamulia jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kuamua. Mimi na Umutoni tulikuwa na gemu moja ya miaka mitatu na ugomvi mmoja wa miaka mitatu. Katika gemu hiyo mchezaji ni mjumbe anayepeleka mialiko ya harusi, kilima hadi kilima. Anaingia nyumba hii na ile, anapewa maziwa, anasikiliza habari za watu, anaendelea na safari. Kwenye kilima cha tatu kuna bibi. Umutoni alitaka bibi huyo awe kama mtu halisi, mpaka vinyweleo vya mkononi. Mimi nilitaka watu wabaki vile nilivyowaunda mwanzoni, masanduku ya rangi yenye sauti nzuri na maneno mazuri, maana niliamini mtu akikutoa machozi hujali pua yake ilichorwaje. Mmoja wetu alikuwa anapoteza miaka yake mitatu, na hatukujua ni nani. Tulihitaji hakimu. Hakimu alikuwa chumba cha mbele, anapiga pasi kola.

Lakini kwanza mjue tulikuwa na hakimu wa namna gani.

Hakukubali kushindwa. Kwenye gemu za mpira, akifungwa mabao mawili, mguu wake uliteleza wenyewe kuelekea waya wa umeme. Skrini ikawa nyeusi. "Umeme imeondoka," alisema kwa masikitiko, huku redio yake ikiendelea kutangaza na taa ya cherehani ikiwaka. Nikirudisha waya, alishangaa sana. Alisema watu wa umeme siku hizi wanafanya kazi haraka, Mungu awabariki.

Alikuwa na msemo wake: nguo nzuri ni ile unayoisahau ukishaivaa. Aliwaambia wateja, alituambia sisi, aliwaambia hata waliopita kuuliza njia. Nami niliupenda msemo huo mpaka nikawa nautumia kumpigia Umutoni kichwani kila alipoongeza kinyweleo. Ila Fundi mwenyewe hakumruhusu mtu asahau nguo aliyomshonea yeye. Alihudhuria harusi asizoalikwa, akasimama mbele kabisa kukagua pindo, na kama mshanana umeteleza begani alipita katikati ya watu na kwenda kuurekebisha, bibi harusi akiwa anaapa. Alimwambia mwanamke mmoja mbele ya mama mkwe wake, "Wewe, hapana kula mpaka Jumamosi." Mwanamke yule alirudi kwa Fundi kushonesha nguo za watoto wote watatu.

Na shati lake mwenyewe lilikosa vifungo viwili kwa miaka yote sita. Mganga hajigangi. Nilipomtajia, alijifunika kwa mkono na kuniambia niangalie kazi yangu.

Alihubiri subira na hakuwa nayo hata tone. Alikuwa msengenyaji wa kiwango cha juu, lakini ukimpa siri yako ya kweli, ilifia kwake. Alichukia kelele, na aliimba. Alidai hapendi kabisa gemu, ni mambo ya watoto, ila saa kumi juu ya alama ungesikia cherehani imenyamaza na benchi linaburuzwa, naye anaingia kwetu na chai yake ya maziwa, anakaa karibu na mlango, mbali na skrini, ili akisikia mteja atoke haraka. "Nipe kidogo tu," alisema. Kidogo ilifika magharibi.

Hata wakati huo miwani yake ya kushonea ilikuwa usoni. Haikuvuliwa tangu anafungua mlango hadi anafunga. Kwake kuivua mchana ilikuwa sawa na mlinzi kulala lindoni, maana sindano haipigi hodi. Alikula nayo, aliwafokea watu nayo, alisinzia nayo. Mara mbili nilimkuta anaitafuta, nikakaa kimya nione atafika wapi.

Siku aliyokutana na bibi wetu kwa mara ya kwanza, bibi alikuwa masanduku mawili, kubwa chini la rangi ya kahawia, dogo juu, na kipande cha buluu cha kuwakilisha kitenge. Fundi aliingia ndani ya boma, akasikia bibi anamkaribisha, na akajibu salamu kwa mdomo wake mwenyewe, kwa heshima zote. Alikunywa maziwa. Alisikiliza habari ya ng'ombe aliyepotea na mjukuu asiyeandika barua. Alipoaga na kuanza kuondoka, bibi akamfuata.

Hilo lilikuwa kosa langu. Nilikuwa nimeandika kwamba bibi amgeukie na kumkaribia mgeni anapoongea naye, nikasahau kuandika kwamba akimaliza asimame. Kwa hiyo masanduku yale yalitoka nje ya boma, yakamfuata mjumbe taratibu mpaka barabarani, na hapo yakasimama kwa sababu sikuwa nimeyaruhusu kwenda mbali zaidi. Nilikunja uso kwa aibu. Fundi alikuwa anatabasamu.

"Huyu iko mtu," alisema. "Rwose, kweli, huyu iko mtu kabisa."

Niliandika kosa lile kwenye daftari la kasoro, na jioni hiyo hiyo nikalirekebisha, nikalala nikijisifu.

Ikapita miezi mingi. Umutoni alijifungia na bibi wake, na mimi sitasema uongo, alimtengeneza bibi ambaye ukimwangalia unataka kumletea stuli. Makunyanzi, mishipa ya mikono, jicho moja lenye ukungu kidogo, mshono wa kitenge uliochakaa pale panapochakaa vitenge vya vibibi. Tulimpeleka kwenye hoteli moja ya Kiyovu, mbele ya wageni waliokuja kutafuta gemu za kufadhili. Walisogeza nyuso mpaka karibu na skrini, wakasema ajabu, wakapiga picha, wakarudi kwenye sambusa. Hakuna aliyefika kilima cha nne. Umutoni alisema ni kwa sababu ya sambusa. Mimi nilisema ni uzuri wa mkakasi. Hatukuongea kuanzia Kiyovu hadi Kagarama, na kesho yake tukakubaliana kwamba Fundi ataamua na atakayeshindwa atanyamaza milele.

Akaja na chai yake. Akaingia kwa bibi mpya. Akasalimia, akanywa maziwa, akasikiliza, akaaga. Alipofika mlango wa boma akasimama, akamgeuza mjumbe amtazame bibi. Bibi alikaa pale pale kwenye mkeka wake, mzuri kupita kiasi, upepo ukicheza na ncha ya kitenge. Fundi alimtazama. Akaendelea kumtazama. Chai ikapoa. Umutoni alinifinya mkono, akijua kwamba mzee anahesabu makunyanzi na kwamba ameshinda.

Fundi akaweka padi chini.

"Huyu haiko mtu," akasema, akarudi kwenye kola zake.

Umutoni alitoka nje, akasimama barabarani kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Sawa," alisema. "Masanduku. Lakini ni kwa sababu ya Fundi tu, haiko kwa sababu yako." Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheza. Nilizunguka chumba kizima na kiti cha magurudumu. Niliandika maneno ya Fundi kwa kalamu nene ukutani, juu ya meza yangu, na kila aliyekuja kutuhoji kuhusu gemu nilimwonyesha ukuta ule na kumhutubia kwamba macho yanapenda picha halisi ila moyo unapenda habari, na kwamba fundi cherehani mmoja wa Kagarama ameliona hilo kuliko mabwana wote wa Kiyovu. Nilijipatia sifa kidogo. Nilirudisha masanduku, pamoja na makosa yake yote ya zamani, kwa kuwa nilichukua faili la kwanza kabisa ambalo Fundi alilipenda, nikaona uvivu wa kulisafisha tena.

Mwaka jana magoti ya Fundi yalikataa pikipiki, na binti yake akamchukua akaishi naye Ndera, kwenye nyumba mpya kule mahindi yanakopakana na mabati. Chumba cha mbele kikawa cha muuza simu. Hatukupenda kukipita.

Zikiwa zimebaki siku nane gemu itoke, simu ikalia.

"Mwana wanjye," alisema Fundi, "wamenipa macho mapya. Miwani ya mbali. Mimi naona nzi juu ya ukuta. Naona jirani anakula nini."

Nikampongeza. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Daktari ameniuliza, mzee, televisheni unaangalia na miwani gani? Nikamwambia na hii ya sindano. Amecheka mpaka amekaa chini. Anasema na hii, kitu ikienda mbali kuliko mkono yako, unaona moshi tu. Moshi ya rangi." Naye akacheka sana. "Miaka yote mimi naangalia moshi, sha."

Nilitazama ukuta wangu. Maneno manene yalinitazama pia.

"Fundi," nilisema polepole, "yule bibi wa Umutoni. Yule uliyesema si mtu. Ulimwona?"

"Yule? Nilikuwa nasikia sauti. Na rangi kidogo."

"Sasa kwa nini ulisema si mtu?"

Alishangaa, kana kwamba nimemuuliza kwa nini maji yanalowesha. "Hakunisindikiza," alisema. "Nimeaga, nimesimama kwa mlango, nimengoja. Iko amekaa tu. Mtu gani anaacha mgeni anaenda peke yake hivyo? Yule wa kwanza alinifikisha mpaka barabara."

Nikamweleza Umutoni. Alicheka mpaka akalala sakafuni, akapiga zulia kwa kiganja, akanyoosha kidole kwenye ukuta wangu na kucheka upya, nami nikacheka naye kwa sababu kulia peke yangu kungekuwa ubahili. Mzee wetu, shahidi wetu mkuu wa moyo dhidi ya macho, hakuwa ameona lolote. Kwake bibi wote wawili walikuwa moshi. Na sisi wawili, tuliolelewa kwa kutumwa kumtoa mgeni mpaka njia panda hata kama mvua inanyesha, yeye Kampala, mimi Bukoba, tulichora vinyweleo tukasahau kusindikiza. Mama yangu angejua, angenirudisha darasa la kwanza.

Kisha Umutoni akainuka, akaketi. "Basi hukumu imekufa," alisema. "Bibi yangu nitampa miguu. Atasindikiza. Halafu tunaenda Ndera, na Fundi anaona wote wawili na macho yake. Akichagua wangu, ni wangu anatoka."

Ilikuwa haki, na haki hiyo ilinikosesha hamu ya kula siku sita. Nilimwandikia bibi wake kusindikiza kwa mkono wangu mwenyewe. Alitembea vizuri kuliko masanduku yangu. Alishika kitenge kwa mkono mmoja, akaegemea fimbo, na alipofika barabarani alitweta kidogo. Nilipomwona nilijua nimekwisha.

Tulikwenda Jumapili mchana. Nyumba ilinuka rangi mpya. Binti yake alitupokea, na Fundi alikuwa sebuleni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na miwani mikubwa iliyomfanya aonekane ameshtuka. Alitukagua mmoja mmoja kama nguo zilizorudishwa.

"Kumbe wewe iko mfupi," aliniambia. "Mimi nilijua wewe iko mrefu." Akamgeukia Umutoni. "Na wewe iko na mwanya. Mzuri sana. Kwa nini hamkuniambia?"

Tulifungua kompyuta kwenye meza ya chakula na kumpa padi. Kwanza bibi wa Umutoni. Fundi aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Alikunywa maziwa. Alisikiliza habari ya ng'ombe. Bibi alipomfikisha barabarani, Fundi alirudi naye, akaenda naye tena, akimzunguka na kumtazama bega na pindo.

"Kitenge nani ameshona?"

"Mimi," alisema Umutoni kwa sauti ndogo.

Fundi alimpa mkono. Alimshika kwa mikono miwili, vile wanavyoshikana watu waliomaliza ujenzi. "Wewe iko fundi," alimwambia, na katika miaka yote sikuwahi kumsikia akimpa mtu neno hilo. Mimi nilikuwa nimefurahi kwa ajili yake, na pia nilitaka kujificha chini ya meza.

Kisha nikaweka wangu. Fundi akaingia kwenye boma, akasimama.

"Hii ni nini?"

"Ni yule bibi, Fundi. Yule wa kwanza."

"Ni masanduku."

"Ndiyo."

"Mimi nimesalimia masanduku." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akatazama tena. "Nimeamkia masanduku. Nimeyaambia habari ya magoti yangu." Akaanza kucheka, na ukimjua Fundi unajua kicheko chake huanzia mabegani, na kikifika tumboni hakuna kazi nyingine inayofanyika ndani ya nyumba. Binti yake alitoka jikoni kuja kuona. Tulicheka wote wanne hadi kompyuta ikajizima skrini kwa kuchoka kutungoja.

Umutoni ndiye aliyeuliza. "Sasa Fundi, tutoe nani?"

Aliiwasha skrini tena. Alikaa akiyatazama masanduku, na kicheko kikamwishia taratibu.

"Huyu wako amekuja na sura yake," alimwambia Umutoni. "Ni mzuri. Nikimkuta njiani nitamsalimia. Lakini mimi simjui." Akagusa kioo kwa kidole, kwenye sanduku dogo la juu. "Huyu hakuwa na sura. Sura nilimpa mimi."

"Sura ya nani?" niliuliza.

"Mama." Alisema hivyo tu, halafu akaona hatujaelewa. "Mama yangu sina picha yake. Hata moja, mwana wanjye, hakuna kitu kilibaki. Nilikuwa nafikiri uso wake umenitoka. Kumbe iko hapo. Kila siku saa kumi nilikuwa namuona."

Binti yake alikaa kwenye mkono wa kiti. Mimi nililia, sioni haya kusema. Umutoni alinyoosha mkono, akaifunga folda yenye bibi wake, na akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunapanga nani aende kununua maji, "Masanduku. Kesho."

Fundi hakutusikia. Alikuwa ameshaaga. Alitoka kwenye boma, na masanduku mawili yakamfuata kwa mwendo wao wa kosa, yakiyumba, mpaka barabarani, yakasimama pembeni yake. Alingoja kidogo.

"Inatosha hapa, mama," aliyaambia. "Rudi sasa."

Masanduku hayakwenda popote. Fundi alibonyeza kitufe hiki na kile, kisha akanigeukia na ile miwani mikubwa.

"Hapa mtu anabonyeza wapi ili arudi nyumbani?"

Nilimwambia hakuna mahali. Sikuwahi kuandika hilo. Mchezaji akiondoka, bibi anabaki pale pale.

"Basi andika," alisema. "Usimwache mama barabarani."